Barua ya Sifa kutoka Mpitimbi

Ukitaka kumwona Hironimus Nyoni ananyoosha mgongo, mtajie jarida. Mtu mwenyewe mfupi, amekonda, mkanda wake ameutoboa matundu matatu ya ziada ili suruali isimdondoke. Lakini litaje *Bado Tupo*, jarida la mwaka la chama cha askari wastaafu pale Songea, uone kidevu kinavyopanda. "Umelisoma?" atakuuliza. Ole wako useme hapana, maana utasimuliwa lote hapo hapo barazani, kurasa nane, ukiwa umesimama na jua la saa saba.

Tusimnyime haki yake, jarida alilifanya yeye. Alizungukia wenzake mwaka mzima kuuliza nani amefiwa, nani amepata mjukuu, nani ameanza kuumwa mguu ule wenye kipande cha chuma cha Uganda. Akayapiga chapa kwenye stensili, akakosea, akapaka dawa nyekundu ya kufutia, akapuliza, akapiga tena. Parokia walimwazima mashine yao ya kudurufu, naye akaizungusha kwa mkono wake mpaka kwapa likauma. Nakala themanini. Mkewe, mwalimu Fausta, akazibana pini sebuleni kwao Lizaboni, na kila aliyepita akaonyeshwa kazi ya baba.

Kazi nyingine ya kujivunia hakuwa nayo, ndio ukweli. Alitoka vitani mwaka sabini na tisa akiwa koplo, akapata ukarani kwenye ushirika, akakalia kiti cha karani miaka kumi na miwili. Kisha zikaja zama za ruksa. Maduka ya Majengo yakajaa redio na mitumba, ushirika ukakosa hata karatasi, na makarani wakapunguzwa. Kiinua mgongo chake alinunulia mashine ya chapa iliyokwishatumika, akaomba pembe ya baraza karibu na fundi cherehani, akawa anawapigia watu barua za kuomba kazi ambazo yeye na mteja wote wawili walijua hazipo. Hapo ndipo mwenyekiti wa chama, Mzee Romanus, alipomfuata na kumwambia, "Koplo, wewe una mashine. Tufanyie gazeti."

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, wahenga wamesema. Huyu wetu alilitia maji kabla hajasifiwa.

Ilikuwa hivi. Toleo la kwanza lilitoka, watu wakalichukua, wakalikunja, wakaenda nalo nyumbani, kimya. Hakuna aliyesema zuri wala baya. La pili vilevile. Hironimus akaumia. Alikuwa akipita kwa mtu na kukaa saa nzima akisubiri aambiwe neno, anaishia kuambiwa bei ya mahindi. Ndipo Mzee Romanus akaanza kunung'unika kwamba karatasi ni ghali, na kama wanachama hawalitaki jarida, basi liachwe. Toleo la tatu lilipofika ukurasa wa mwisho, nusu ya stensili ilikuwa tupu. Hironimus akaiangalia nusu ile. Kisha akapiga kichwa cha habari: WASOMAJI WETU WANASEMA.

Akawasemea.

Na usidhani alijiona mwongo. Hapo ndipo penye kisa. Vitani yeye ndiye aliyekuwa akiwaandikia barua mgambo wasiojua kusoma. Walimjia mmoja mmoja, wanachuchumaa, wanasema, yeye anaandika, anawasomea, wanatia dole gumba, barua inakwenda. Mteja wake mkubwa alikuwa Fransisko Mapunda wa kijiji cha Mpitimbi, mkulima, mtu mrefu asiye na maneno. Fransisko akikaa kumwandikia mkewe Benigna alikuwa na mambo matatu tu: nipo hai, mbuzi yule usimuuze, wasalimie wote. Hironimus akamwonea huruma Benigna. Mke wa watu asubiri miezi mitatu aletewe habari za mbuzi? Basi akawa anaongeza. Aliongeza kwamba usiku anamwota, kwamba akisikia mvua anakumbuka nyumba yao, na mengine ya namna hiyo, maana Hironimus alikuwa kijana na maneno alikuwa nayo ya kumwaga. Wakati wa kumsomea mwenyewe aliyaruka. Fransisko akasikia mambo yake matatu, akaridhika, akatia dole gumba.

Kwa hiyo miaka kumi na tano baadaye, alipotafuta jina la kuweka chini ya barua ya sifa, jina la Fransisko lilikuja lenyewe. Hasomi, hataiona. Na hata akiiona, si mimi nilikuwa mkono wake? Akapiga: "Ndugu Mhariri, salaam sana. Sisi wapiganaji wa Mpitimbi tunalisifu jarida lako kupita kiasi. Likifika tunaketi na kulisoma neno kwa neno. Tangu lianze kuja hatujioni tena kama watu waliosahauliwa. Huku hatuna shida yoyote, jarida letu linatutosha. Fransisko Mapunda, kwa niaba ya wenzake."

Fausta aliisoma akiwa na pini mkononi, machozi yakamlengalenga. "Baba Dorine," akasema, "mpaka Mpitimbi wanakusoma." Hironimus akakohoa, akasema eh, aliniletea mtu. Na wiki ile aliisoma barua ile mara nyingi mwenyewe, akaifurahia kabisa, kama imetoka Mpitimbi kweli. Mtu huyu!

Sasa sikiliza ilivyomgeukia.

Mwaka ule ruzuku ya mbolea ilikuwa imekwisha. Mfuko uliokuwa ukipatikana kwenye ushirika kwa bei ya kuvumilika sasa uko dukani Majengo, na bei yake mkulima akiisikia anaondoka bila kuaga. Ardhi ya huku bila mbolea inakupa mahindi ya kuchekesha kuku. Mwezi wa kumi wafadhili fulani wakakipa chama mifuko sitini, igawiwe kwa wanachama wenye shida zaidi. Kamati ikakaa: Mzee Romanus, mhazini Iddi, na katibu Hironimus. Wakaorodhesha, wakajumlisha, watu wakazidi mifuko. Nani apunguzwe?

Mzee Romanus, mtu wa haki kabisa, hakutaka kumpunguza mtu kwa upendeleo. Akafikiri, kisha uso ukamng'aa. Akafungua jarida. "Hawa hapa wenyewe wamesema. Huku hatuna shida yoyote." Akaisoma mpaka mwisho, akamwangalia Iddi, Iddi akatikisa kichwa kukubali. "Watu waungwana hawa," akasema Mzee Romanus. "Wangeweza kunyamaza wakala. Katibu, futa Mpitimbi."

Majina ya Mpitimbi yalikuwa matano. Kalamu ilikuwa mkononi mwa Hironimus. Ilitosha kusema, mzee, barua ile niliitunga mimi. Maneno matano! Wangemcheka, Iddi angemtania mpaka Krismasi, yangekwisha. Akawaza: nitasema baadaye, nimwone Mzee Romanus peke yake. Akafuta. Alianza na la Fransisko kwa sababu ndilo lililokuwa juu.

Baadaye haikuja. Alimwona Mzee Romanus peke yake mara nne, na mara zote nne waliongea habari nyingine.

Mbolea iligawiwa Jumamosi moja ya Novemba, mawingu yameanza kukusanyika upande wa milima ya Matogoro. Hironimus hakwenda, alisema tumbo linamsumbua. Mfuko wake aliletewa na mkokoteni, maana jina lake lilikuwamo. Ana ekari moja na nusu nje ya mji. Ukawekwa sebuleni, nyuma ya mlango.

Saa tisa hivi akasikia baiskeli inaegeshwa ukutani.

"Hodi hapa kwa Koplo!"

Sauti hiyo aliijua hata baada ya miaka yote. Fransisko Mapunda aliinama kupita mlangoni, kichwa kimeanza mvi, vumbi jekundu mpaka magotini. Akasalimia, akauliza hali ya watoto, akapewa maji na Fausta, akayanywa yote, akarudisha kikombe kwa mikono miwili. "Ahsante, shemeji." Fausta alifurahi mno kumwona. Huyu ndiye mwenye barua! Akasema atampikia, akatoka kwenda uani kwenye jiko lake.

"Koplo," akasema Fransisko, "nimekuja uniandikie barua."

"Barua ya nani?"

"Ya chama. Nimetoka kule kwenye mbolea sasa hivi. Nilitoka nyumbani jogoo la kwanza, na wenzangu wanne wamenituma niwachukulie na yao, na kamba za kuifungia mifuko kwenye gari la kurudi wamenipa. Nafika, naambiwa Mpitimbi hamna. Nauliza kwa nini, Mzee Romanus ananiambia, si wewe mwenyewe uliyeandika kwamba hamna shida? Watu wakacheka. Yuko mmoja akasema, Mapunda siku hizi anaringa kwenye magazeti." Akajigusa kifua. "Mimi, Koplo. Mimi nisiyejua a wala be. Kisomo cha watu wazima nilikwenda wiki mbili."

Hironimus hakuweza kuinua macho. Alikuwa anaviangalia viatu vya mgeni, viatu vya tairi, kamba moja imeungwa na waya.

"Hukuwaambia kwamba hujui kuandika?"

"Mbele ya watu wote wale? Nilitaka. Nikaona haya. Nikasema nitakwenda kwa mtu wangu, ataniandikia, wao watasoma. Mambo ya karatasi hujibiwa kwa karatasi." Akasogeza kigoda karibu na meza, akachuchumaa juu yake vilevile kama zamani. "Haya, andika."

Hironimus akaweka karatasi kwenye mashine. Akajifanya anatafuta mstari.

"Andika: Mimi Fransisko Mapunda sikuandika barua ile. Andika: sisi tuna shida, na mahindi ya mwaka jana hayakufika mwezi wa pili. Andika: aliyelitumia jina langu ametunyang'anya mbolea watu watano na watoto wetu. Andika: chama kimtafute, na akipatikana asimame mbele ya mkutano aseme kwa mdomo wake. Basi."

Shetani ana haraka, jamani. Kabla mtu hajamaliza kusema, Hironimus alikwishaona njia ya kutokea, imenyooka, imefagiliwa. Huyu hasomi. Barua inakwenda kwa katibu, na katibu ni nani? Vidole vikapata kasi. Vikapiga: "Kwa heshima na taadhima, naomba kukifahamisha chama kwamba palitokea kutoelewana kidogo kuhusu barua yangu. Naomba sisi wa Mpitimbi tufikiriwe mwaka ujao, nafasi ikipatikana. Nalishukuru jarida." Akaichomoa karatasi, akaishika mbele ya uso wake, akamsomea Fransisko maneno ya Fransisko. Yote. Mimi sikuandika barua ile. Ametunyang'anya mbolea. Asimame mbele ya mkutano. Aliyasoma kwa kichwa bila kukosea hata moja, na hakuna hata moja lililokuwamo.

"Hapo sawa," akasema Fransisko. Akajipangusa kidole gumba kwenye suruali, akakichovya kwenye wino wa muhuri uliokuwa mezani, akakinyoosha. Hakuangalia hata karatasi. Alimwangalia Hironimus, akingoja aonyeshwe pa kuweka. Kidole kikubwa, ukucha umepasuka, kinangoja.

Hironimus aliwahi kuona mambo mabaya maishani, na mengine aliyafanya akiwa na bunduki, lakini hakuwahi kujichukia kama alivyojichukia alipokiona kidole kile. Aliinyakua karatasi, akaichana vipande vinne.

"Vipi tena?"

"Nimekosea," akasema. "Ngoja. Nimekosea."

Akaweka karatasi nyingine. Safari hii alipiga polepole, na kila herufi ilisikika mpaka uani. Alipiga yale yote aliyoambiwa. Alipofika mahali pa chama kimtafute, akasimama, jasho likamdondokea mkononi, kisha akaendelea. Akaichomoa. Akasoma, na sauti haikuwa yake.

"Mimi Fransisko Mapunda sikuandika barua ile. Sisi tuna shida, na mahindi ya mwaka jana hayakufika mwezi wa pili. Aliyelitumia jina langu ametunyang'anya mbolea watu watano na watoto wetu. Mtu huyo ni Hironimus Nyoni, katibu wa chama. Aliitunga barua ile mwenyewe ili jarida lake lionekane linasifiwa. Kamati ilipoitumia kutufuta, alikuwapo, akanyamaza, akatufuta kwa mkono wake. Asimame mbele ya mkutano aseme kwa mdomo wake."

Uani Fausta alikuwa anavunja kuni na kuimba wimbo wa kwaya. Fransisko hakusogea. Wino ulikuwa unamkaukia kidoleni.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Wewe, Koplo."

"Ni mimi, ndugu yangu. Chukua mfuko ule pale nyuma ya mlango. Chukua, na baiskeli ninayo, nitakusindikiza. Nitauza mashine hii ninunue..."

"Sikuja kuomba," akasema Fransisko. Hakupaza sauti. Ingekuwa heri angepaza, angetukana, angemshika shati. Hironimus alikuwa anaingojea ngumi kwa hamu. Mtu yule alikaa tu akifikiri, na ilionekana anakwenda mbali, nyuma kabisa.

"Zile za vitani," akasema mwishowe. "Uliniandikia nyingi."

"Nyingi."

"Mke wangu alikuwa nazo kwenye sanduku. Mpaka anafariki, miaka mitatu sasa. Alikuwa akimpa binti yetu amsomee, mimi nikiingia wananyamaza wanacheka. Nilidhani wananicheka habari za mbuzi." Akamtazama. "Zile nazo zilikuwa na maneno yako?"

Hapo angeweza kudanganya, na pengine ingekuwa huruma. Alijaribu. Hakuweza.

"Zilikuwa nayo," akasema.

"Mengi?"

"Mengi kuliko yako."

Fransisko akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu alichokwishanunua. Kisha akakichovya kidole tena kwenye wino, akakikandamiza chini ya karatasi, pale alipoona mwenyewe panafaa, kikaangukia pembeni. Akaishika ile karatasi, akaipuliza. Hironimus alinyoosha mkono kuipokea, maana ndivyo ilivyokuwa siku zote: dole gumba likishawekwa, barua inabaki kwa koplo. Fransisko akapita kando ya mkono ule, akatoka kwenda uani.

"Shemeji."

"Abee! Ugali karibu."

"Wewe ni mwalimu. Hebu nisomee hapa. Nataka nijue kama ndivyo ilivyoandikwa."

Fausta aliifuta mikono kwenye kanga, uso wote kicheko. "Umeleta nyingine? Toleo lijalo hilo! Yaani shemeji, ile ya kwanza nimewasomea hadi walimu wenzangu." Akaiweka karatasi mbali kidogo na macho, akaanza kwa sauti yake ya darasani, ya juu, ya kumfikia mtoto aliyekaa nyuma. "Mimi Fransisko Mapunda sikuandika barua ile..." Akasita. Akamwangalia mgeni, akadhani ni mzaha, akaendelea, sauti imeanza kushuka. Mahindi. Watu watano na watoto wetu. Kisha akanyamaza kabisa, macho yakiwa yameganda mahali pamoja.

Hironimus alikuwa amesimama mlangoni, ameshika mwimo.

"Endelea, shemeji," akasema Fransisko. "Mwisho bado."

Akaendelea. Alilitamka jina la mumewe lote, la kwanza na la pili na cheo, kama anaita mahudhurio. Alisoma kuhusu sifa, na kuhusu kunyamaza, na kuhusu mkono uliofuta, hakuruka hata neno. Alipomaliza alimrudishia Fransisko karatasi.

"Ndivyo ilivyoandikwa," akasema.

"Basi nipeleke nayo kwa Mzee Romanus. Utamsomea wewe."

Fausta aliepua ugali, akaufunika kwa sahani, akajifunga kanga ya pili. Fransisko alichukua baiskeli yake ukutani, kamba tano za kufungia mifuko zikiwa bado zimezungushwa kwenye kiti cha nyuma, wakatoka wote wawili kuelekea Majengo. Hironimus alisimama pale mlangoni akingoja aambiwe aje au abaki. Walikata kona bila kumwambia lolote.